Kinundu cha Puru na Kingo Zisizosomeka

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Niko na kaka Mutiso, mwanapatholojia, yaani msomaji wa vipande vya mwili kwa darubini. Leo tulipanga kueleza matibabu ya uvimbe wa nyuroendokrini, yaani wa seli zinazotengeneza homoni, wa puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, tangu mdogo hadi uliosambaa, lakini wiki hii shangazi yangu wa Kayole alinikabidhi majibu yake ya patholojia, na kwa ruhusa yake nimeyaleta hapa. Alikwenda kupigwa kamera ya utumbo mpana kwa sababu ya kufunga choo. Daktari akaona kinundu cha manjano, laini kwa juu lakini kigumu kikiguswa, akakikata kwa kitanzi cha waya wa umeme kama polipu yoyote, yaani kinyama kinachoota ndani ya utumbo. Majibu yanasema: uvimbe wa nyuroendokrini, daraja la kwanza, milimita 6, kingo haziwezi kutathminiwa, yaani haijulikani kama uvimbe ulifika ukingoni mwa kipande kilichokatwa.

MUTISO: Mpe shangazi pole zangu, dada Zuhura, na umwambie kwamba vinundu vingi vya aina hii hugunduliwa vivyo hivyo, mtu akiwa amefuata shida nyingine kabisa. Daraja tunalipata kwa kipimo cha Ki-67, ambacho huonyesha ni seli ngapi katika kila mia zinazojigawa: chini ya asilimia 3 ni daraja la kwanza, 3 hadi 20 ni la pili, na zaidi ya 20 ni la tatu. Kinundu cha daraja la kwanza kisichofika milimita 10 ni nadra kusambaa.

ZUHURA: Binti yake amesoma kwamba uvimbe huu humwaga homoni ya serotonini, mtu akawa anawaka uso ghafla na kuharisha, na mama hana lolote kati ya hayo.

MUTISO: Dalili hizo ni za uvimbe wa utumbo mwembamba, hasa ukishafika kwenye ini. Ule wa puru kwa kawaida hautoi serotonini, kwa hiyo asilipie vipimo vya damu vya kuitafuta. Wala asikimbilie PET, picha ya mwili mzima ya kutafuta uvimbe uliosambaa, kwa sababu tu mashine hiyo sasa ipo hapa Nairobi. Kwa milimita 6 za daraja la kwanza haihitajiki. Kinachonisumbua mimi ni lile neno la kingo.

ZUHURA: Wasikilizaji wa siku nyingi wanajua tunakoelekea. Mutiso hamalizi kipindi bila kuutaja ubao wake wa koki, na leo simzuii.

MUTISO: Usinizuie, kwa sababu shangazi yako anahangaika kwa kukosa ubao huo. Uvimbe huu haukai juu ya utando wa ndani wa utumbo kama polipu ya kawaida. Huanzia sehemu ya chini ya utando huo na kushuka kwenye tabaka la pili. Kitanzi cha kawaida hupita juu juu, umeme ukaunguza ukingo wa chini, kisha kipande kikitupwa kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi, kikiwa huru hujikunja, na kinapofika mezani kwangu siwezi tena kujua chini ni wapi. Kipande kikinyooshwa kwenye koki punde kinapotoka, kikachomwa pini pembeni, kikapakwa wino upande wa chini, nitakikata vipande vya milimita 2 na kukwambia bila kusita kama uvimbe umefika ukingoni. Koki na pini chache! Vyumba vya kamera hununua mitambo ya mamilioni halafu hukosa kitu hicho.

ZUHURA: Nami kama muuguzi wa chumba cha kamera nakuunga mkono, ila pini haziokoi kipande kilichokatwa vibaya tangu mwanzo. Daktari akiona manjano chini ya utando, aache kitanzi cha kawaida. Na adunge maji chini yake kiinuke, au akivute na kukibana kwa pete ya mpira ndipo akate, au achonge tabaka kwa tabaka. Kama hana ujuzi huo, apige picha, aandike kimekaa sentimita ngapi kutoka njia ya haja kubwa, na ampeleke mgonjwa kwa mwenye ujuzi kabla ya kukigusa.

MUTISO: Hapo tuko pamoja.

ZUHURA: Basi tusikie kama tutaendelea kuwa pamoja. Mimi namshauri shangazi kovu lile likatwe lote sasa, kabla halijapotea machoni.

MUTISO: Hapana, dada. Makovu mengi ninayoletewa hayana seli hata moja ya uvimbe. Unamweka mwanamke wa miaka 63 kwenye hatari ya kutoka damu au kutobolewa utumbo kwa ajili ya kitu ambacho huenda hakipo. Afanyiwe altrasaundi ya ndani, tezi za limfu zitazamwe, kisha arudi kwa kamera kila baada ya muda.

ZUHURA: Arudi na nani, kaka Mutiso? Mimi ndiye ninayewapigia simu wagonjwa wa ufuatiliaji. Mmoja amehamia Kitui, mwingine nauli imekwisha, wa tatu anasema hana maumivu, kwa hiyo amepona. Uvimbe huu hukua polepole, na ukirejea huweza kurejea baada ya miaka mingi. Ufuatiliaji wako ni mzuri kwenye karatasi tu.

MUTISO: Basi turekebishe ufuatiliaji, tusiwakate watu kwa sababu simu zetu hazipokelewi.

ZUHURA: Na mpaka urekebishwe, shangazi akae na kingo zisizojulikana?

MUTISO: Akae na hatari ndogo inayojulikana. Sibadilishi msimamo.

ZUHURA: Wala mimi. Ila nitakachokifanya Jumatatu ni kuomba maabara kile kitalu cha nta kilichohifadhi kipande chake, kikatwe tena na kusomwa na mwanapatholojia mwingine.

MUTISO: Omba na picha za kamera, maana bila picha hata huyo atakayelikata kovu unalolipigania hatajua aanzie wapi.

ZUHURA: Nimeonyeshwa dakika moja. Tulikuwa tuzungumzie milimita 10 hadi 20, ambako MRI huamua mengi. Uvimbe uliozidi milimita 20, ambao kwa kawaida huhitaji upasuaji wa puru. Na dawa za oktreotidi na lutetiamu kwa uliosambaa. Hatukufika.

MUTISO: Na wino wa ukingoni sijaumaliza.

ZUHURA: Rangi zake utazieleza wiki ijayo, kaka. Kwaherini.