Bibi Yangu Akisema “Natua”

Wazee wangu, mama zetu, na nyinyi vijana mliojaa mpaka ngazini, asalaam aleikum.

Nimeombwa niseme kuhusu dini na sayansi. Naanza na tasbihi ya bibi yangu, hapa hapa Mji wa Kale. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka. Akinyanyua kikombe cha kahawa, nusu humwagikia leso. Lakini baada ya alfajiri, akikaa na uradi wake, mkono umelala pajani, shanga zilipita moja moja bila kugongana. Daktari alinieleza: kuna mtetemeko unaozidi mtu akinyanyua kitu, ukapungua mkono ukipumzika. Nilimwamini, na mpaka leo namwamini. Ila nilipomuuliza bibi anapata nini pale, alinijibu, “Mjukuu wangu, natua.” Daktari alieleza mkono. Mzigo ule hakuugusa, wala hakudai kuugusa.

Msidhani haya ni ya wasiosoma. Blaise Pascal, mwanahesabu Mfaransa, mwaka 1654 alikuwa akiandikiana na mwanahesabu mwenzake, Fermat, barua zilizoweka msingi wa hesabu za uwezekano, yaani za kupima bahati. Mwaka huohuo, usiku wa Novemba 23, toka kama saa nne na nusu hadi saa sita na nusu, likamfika jambo. Akaandika: “Moto.” Kisha: Mungu wa Ibrahimu, wa Is-haka, wa Yaakubu, si wa wanafalsafa na wasomi. Karatasi akaishonea ndani ya nguo yake, ikaonekana alipokufa, 1662. Hapa mimi husimama kila mara. Bingwa wa kuthibitisha hakuandika thibitisho. Aliandika saa, kama shahidi. Na hesabu hakuziacha.

Imam Ghazali, aliyeacha kufundisha Baghdad mwaka 1095, alishasema: kujua maana ya afya ni mbali na kuwa na afya. Nasi husema utamu wa ngoma uingie ucheze.

Lakini aliyeonja ameonja yeye. William James, mwanasaikolojia wa Marekani, aliliandika hilo mwaka 1902, nami niko naye: yakini yako haimfungi jirani yako. Akija mtu akasema ameoteshwa kuwa mgonjwa wa sukari aache sindano, mkatazeni, tena kwa sauti. Ndoto haipimi damu.

Bibi mwenyewe hakuchanganya. Akimaliza uradi alikuwa akiikunja tasbihi, anaiweka chini ya mto, kisha ananiita nimshikie gilasi ili ameze kidonge chake. “Bismillahi,” husema, na maji yanamwagika kidogo kidevuni.