Kamati za Kisiasa za Kampuni katika Biashara ya Ushauri wa Fedha Marekani: Nani Aombwe, Nani Apewe, na Mambo Yanaharibikia Wapi

Mabibi na mabwana, habari za jioni, na ahsanteni kwa kuja.

Mada yetu ni kamati za kisiasa za kampuni, zile ambazo Marekani zinajulikana kwa kifupi cha PAC, na hasa za biashara ya ushauri wa fedha: washauri wa uwekezaji, madalali wa hisa na hati fungani, na mawakala wa bima ya maisha. Wengi wetu tukisikia neno hilo tunapata picha ya kampuni inayochota fedha kwenye akaunti yake na kumkabidhi mbunge. Sivyo. Kampuni kumchangia mgombea wa ngazi ya shirikisho ni marufuku tangu Sheria ya Tillman ya mwaka 1907. Inachoruhusiwa ni kuanzisha mfuko uliotengwa, wenye mhazini wake na akaunti yake ya benki, kisha kuwaomba watu maalumu wachangie kwa hiari kutoka mifukoni mwao. Gharama za uendeshaji, yaani mishahara ya wasimamizi, ofisi, mwanasheria na programu za kompyuta, kampuni inaweza kuzilipa yenyewe. Lakini dola inayomfikia mgombea lazima iwe imetoka kwa mtu.

Kamati hizi msizichanganye na zile kubwa zilizozaliwa baada ya hukumu za mwaka 2010, zinazoruhusiwa kukusanya bila kikomo kwa masharti kwamba hazimpi mgombea fedha wala hazipangi mambo pamoja naye. Hizo ni mada ya siku nyingine.

Viwango ni vidogo kuliko watu wanavyodhani. Mtu mmoja anaweza kuipa kamati dola 5,000 kwa mwaka, basi. Kamati nayo inaweza kumpa mgombea dola 5,000 kwa kila uchaguzi, na kura za mchujo huhesabiwa kuwa uchaguzi mmoja, uchaguzi mkuu mwingine, kwa hiyo kwa kawaida ni dola 10,000 kwa msimu. Viwango hivi havipandi na mfumuko wa bei. Ni vilevile tangu miaka ya 1970. Ili kufikia hiyo 5,000, kamati iwe imesajiliwa kwa miezi 6, iwe imepokea michango ya watu zaidi ya 50, na iwe imechangia wagombea wasiopungua 5 wa ngazi ya shirikisho. Kabla ya hapo inabanwa na kiwango cha mtu binafsi, ambacho kwa msimu wa 2025 na 2026 ni dola 3,500. Kamati changa mara nyingi hujikwaa hapa: inaandika cheki ya 5,000 mwezi wa tatu tangu isajiliwe.

Kosa la pili linahusu tarehe. Cheki isiyotaja uchaguzi huhesabiwa kwa uchaguzi unaofuata. Ukiiandika siku moja baada ya mchujo huku moyoni ukikusudia mchujo, sheria inaihesabu kuwa ya uchaguzi mkuu. Ukija kuandika nyingine mwezi Septemba, umezidisha. Dawa ipo: mgombea ana siku 60 za kurudisha ziada au kupata maandishi yako ya kuihamisha. Dawa rahisi zaidi ni kuandika kwenye kila cheki ni ya uchaguzi gani.

Sasa nani aombwe? Katika biashara hii, swali hili ndilo linaloamua karibu kila kitu. Wakati wowote kampuni inaweza kuwaomba wanahisa wake, wafanyakazi wa mshahara wenye madaraka ya uongozi, usimamizi au taaluma, na familia zao. Karani wa mapokezi hayumo. Yeye anaweza kuombwa mara mbili tu kwa mwaka, kwa barua inayotumwa nyumbani kwake, na kwa utaratibu unaomzuia mwajiri kujua kama ametoa au hakutoa. Kampuni nyingi haziutumii mlango huo. Kazi yake ni kubwa, mavuno yake haba. Na kila ombi lazima liseme wazi kwamba fedha ni za siasa, kwamba mtu ana haki ya kukataa bila kuadhibiwa, na kwamba kiasi kilichotajwa ni pendekezo tu. Barua ya meneja inayosema "natarajia kila mkuu wa tawi atoe dola 500" ni ushahidi dhidi ya kampuni. Na kampuni ikimrudishia mtu mchango wake kwa kumwongezea bonasi, hilo ni kosa la kutoa mchango kwa jina la mtu mwingine, na watu wamefungwa kwa ajili yake.

Kwa wale wenzetu mnaofanya kazi Marekani: raia anaweza kuchangia, na mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, ile ya kijani, pia anaweza. Mwenye viza ya kazi au ya masomo hawezi, hata kama jina lake limo kwenye orodha ya mishahara na barua ya ombi imemfikia kwa bahati mbaya. Wala asikae kwenye kikao kinachoamua nani apewe.

Tatizo kubwa ni hili. Sehemu kubwa ya washauri wa fedha Marekani hawajaajiriwa na kampuni ambayo nembo yake iko mlangoni mwao. Ni wakandarasi huru: wanalipwa kamisheni au ada, wanalipa kodi zao wenyewe, wanakodi ofisi zao. Kanuni za Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho zinasema mlipwa kamisheni anaweza kuhesabiwa kuwa mtu wa kuombwa ikiwa ana wajibu wa kitaaluma au wa usimamizi na ni mwajiriwa kwa maana ya makato ya kodi ya mapato. Mkandarasi huru hakatwi kodi hiyo na kampuni. Kwa hiyo kampuni yenye maelfu ya washauri huru inaweza kujikuta na watu wa kuombwa wachache tu makao makuu.

Ndiyo maana katika sekta hii vyama vya wanachama vina nguvu. Chama cha watu binafsi kinaweza kuwaomba wanachama wake moja kwa moja. NAIFA, chama cha mawakala wa bima na washauri kilichoanzishwa mwaka 1890, kina kamati yake iitwayo IFAPAC, na wakala wa mji mdogo anaweza kuichangia pasipo kupitia kampuni yoyote. Jumuiya ya kibiashara ambayo wanachama wake ni kampuni ina sharti zito zaidi: ipate kwanza kibali cha maandishi cha kampuni ndipo iwaombe viongozi wake, na kampuni inaruhusiwa kutoa kibali hicho kwa jumuiya moja tu kwa mwaka. Kampuni yenye uanachama katika jumuiya tatu ikamwachia kila mkuu wa idara asaini karatasi zake, mwisho wa mwaka itakuta imeruhusu mbili. Saini hiyo iwe ya mtu mmoja, na nakala ikae kwenye jalada moja.

Taarifa sitazikalia sana. Jina, anwani, kazi na mwajiri wa kila aliyetoa zaidi ya dola 200 kwa mwaka hutajwa hadharani; fedha huingia benki ndani ya siku 10 tangu mhazini azipokee; taarifa huwasilishwa kila mwezi au kila robo mwaka. Ni kazi ya karani makini.

Hatari yenyewe haiko Washington, iko majimboni. Mwaka 2010 Tume ya Dhamana na Masoko ya Hisa, SEC, ilipitisha kanuni ya kuzuia washauri wa uwekezaji kununua kazi za mifuko ya pensheni ya serikali. Kanuni inasema hivi: mshauri, au mmoja wa watu wake wanaohusika, akimchangia kiongozi mwenye ushawishi juu ya kuteua mshauri wa mfuko wa umma, kampuni haiwezi kulipwa na mfuko huo kwa miaka 2. Haijalishi kama kulikuwa na nia mbaya. Wanaohusika ni wakurugenzi, wafanyakazi wanaotafuta wateja wa serikali na wasimamizi wao, pamoja na kamati yoyote ya kisiasa wanayoidhibiti. Kilichosamehewa ni dola 350 kwa uchaguzi kwa kiongozi unayeweza kumpigia kura, na dola 150 kwa usiyeweza.

Tupige hesabu. Tuseme kampuni inasimamia dola milioni 200 za pensheni ya walimu wa jimbo fulani, kwa ada ya asilimia 0.4. Hiyo ni dola 800,000 kwa mwaka. Mkurugenzi mmoja amempa gavana dola 500 kwenye chakula cha jioni cha kuchangia kampeni. Kampuni imepoteza 1,600,000, na juu ya hapo haiwezi kuuacha mfuko siku hiyohiyo, kwa sababu wajibu kwa mteja unaidai iendelee bila malipo kwa muda wa kutosha mpaka mfuko upate mshauri mwingine. Na kurudisha zile 500 hakufuti kitu chenyewe. Msamaha wa kurudisha unahusu michango isiyozidi 350, iliyogunduliwa ndani ya miezi 4 na kurudishwa ndani ya siku 60 tangu kugunduliwa. Zaidi ya hapo ni kuiandikia SEC maombi na kungoja. Kesi ya kwanza chini ya kanuni hii, dhidi ya TL Ventures ya Pennsylvania mwaka 2014, ilitokana na michango ya jumla ya dola 4,500 kwa mgombea wa umeya wa Philadelphia na kwa gavana wa jimbo. Iliigharimu kampuni karibu dola 300,000.

Kanuni inatazama cheo alichonacho mtu sasa, hata kama anagombea kingine. Mwaka 2024 Tim Walz aligombea umakamu wa rais akiwa bado gavana wa Minnesota, na gavana wa Minnesota ni mjumbe wa bodi ya uwekezaji ya jimbo hilo. Mshauri mwenye fedha za bodi hiyo aliyechangia tiketi ya Harris na Walz kupita kiwango alijifunga kwa Minnesota. Aliyechangia tiketi ya Trump na Vance hakujifunga, kwa kuwa Vance alikuwa seneta, na seneta hana kauli kwenye pensheni ya jimbo. Wapo watakaodhani huu ni upendeleo wa chama. Mwaka 2016 mambo yalikuwa kinyume: Mike Pence, mgombea mwenza wa Trump, alikuwa gavana wa Indiana.

Tena kanuni inarudi nyuma. Ukimwajiri mtu wa kutafuta wateja wa serikali, michango yake ya miaka 2 iliyopita inakufuata. Kama hatatafuta wateja, miezi 6. Kwa hiyo swali la michango liulizwe kabla ya barua ya ajira kutoka, siyo kwenye mafunzo ya wiki ya kwanza.

Sasa tujiulize: fedha hizi zinaleta nini? Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na sitajifanya kwamba cheki haifungui mlango. Lakini tazameni vita kubwa kuliko zote katika sekta hii, ile ya nani awe na wajibu wa kumtanguliza mteja anapomshauri kuhusu akiba ya uzeeni. Kanuni ya Wizara ya Kazi ya mwaka 1975 ilidai ushauri uwe wa mara kwa mara ndipo wajibu huo uanze. Hivyo wakala aliyemshauri mstaafu mara moja tu, ahamishe akiba yake yote kutoka mfuko wa mwajiri, alikuwa nje ya wajibu. Mwaka 2015 washauri wa uchumi wa Ikulu walikadiria kwamba ushauri wenye mgongano wa maslahi unawagharimu wenye akiba dola bilioni 17 kwa mwaka. Kanuni mpya ya kuziba pengo hilo ikatoka Aprili 2016.

Sekta ilikwenda Bungeni kwanza. Mabaraza yote mawili yakapitisha azimio la kuifuta. Rais Obama akalikataa kwa kura ya turufu Juni 2016, na ikaishia hapo. Kilichoiua kanuni ni hukumu ya Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ya mzunguko wa tano, yaani kanda ya tano ya mahakama hizo, Machi 2018, majaji wawili dhidi ya mmoja. Iliporudi kwa sura nyingine mwaka 2024, mahakama mbili za Texas ziliisimamisha Julai, kabla haijaanza kutumika. Na msidhani mahakama ni silaha ya wakubwa peke yao. Chama cha wapangaji wa fedha, FPA, kiliishtaki SEC kwa kuwaruhusu madalali watoze ada ya ushauri bila kusajiliwa chini ya sheria ya washauri ya 1940, na mwaka 2007 kikashinda. Chama hichohicho baadaye kiliiunga mkono kanuni ya 2016 wakati NAIFA ilikuwa miongoni mwa walioishtaki. Kwa hiyo anayekwambia "sekta ya ushauri inataka hivi" muulize: ipi, inayoishi kwa ada au inayoishi kwa kamisheni?

Kwa maoni yangu, kampuni ndogo yenye bajeti ya kuchagua jambo moja iache kamati na iandike maoni mazuri wakati kanuni inapopendekezwa. Rasimu hutangazwa na muda wa maoni hutolewa, mara nyingi siku 60. Wizara inalazimika kujibu hoja nzito, na mahakama baadaye husoma kumbukumbu hiyo kuliko kitu kingine chochote. Barua elfu moja zenye maneno yaleyale huhesabiwa kama moja. Barua inayotaja kifungu, ikaonyesha saa za kazi na gharama za kukitekeleza kwa ofisi ya watu 6, na ikapendekeza maneno mbadala, hiyo ni vigumu kuipuuza.

Na ukienda kuonana na wabunge, usiishie kamati za fedha na benki. Akiba ya uzeeni ya waajiriwa iko chini ya sheria ya mwaka 1974 iitwayo ERISA, na kwenye Baraza la Wawakilishi inapita kamati ya elimu na nguvukazi. Kodi ya ada za ushauri iko kamati nyingine kabisa.

Kampuni kubwa nazo zimeanza kujiuliza. Januari 2021, baada ya uvamizi wa jengo la Bunge, nyingi zilisimamisha michango kwa muda. Charles Schwab haikusimamisha; iliifunga kamati yake moja kwa moja, na ikaendelea na ushawishi kwa njia nyingine.

Maswali sasa. Naomba tuanze na wenye maswali ya ile kanuni ya miaka 2, maana naona mikono tayari iko juu.