Mto uko hapa nyuma, basi la Entebbe la nini?

Wazazi wenzangu, hedimasta, walimu, nimepewa dakika kumi na tano nizungumzie ile wiki ya mwisho wa muhula wa tatu, na wengine nawaona mmeshaanza kucheka manake mnajua nitasema nini. Ndiyo, nitasema. Nayasema kwenye hii PTA, mkutano wetu wa wazazi na walimu, tangu mjukuu wangu wa kwanza yuko P2, darasa la pili, sasa yuko S3, sekondari.

Mtihani wa kupanda darasa ukiisha walimu wanasahihisha, watoto wanafanya nini? Wanafagia. Wakimaliza wanafagia tena. Halafu inatoka barua, kila mtoto alete pesa, tunaenda zoo ya Entebbe kuona simba. Wasio na pesa wanabaki nyumbani, wenye pesa wanakaa kwenye basi kutwa, jam ya Mukono, jam ya Kampala, wanafika saa nane simba kalala, wanakunywa soda, wanarudi usiku wametapika. Sina ugomvi na simba mimi. Lakini njiani tunapishana na mabasi ya watoto wa Kampala, hebu niambieni, wale wanaenda wapi? Wanakuja hapa kwetu Jinja! Wanakuja kuona Nile, sisi tunaikimbia.

Sasa ile hadithi yangu. Mama pale nyuma vumilia, najua umeisikia. Nilichukua watoto kumi na nne wa P6, kwa miguu, mpaka pale chanzo cha Nile. Tukasimama ukingoni nikauliza, maji haya yanaenda wapi? Kijana mmoja, wa kwanza darasani kila muhula, akanyoosha kidole kule ziwani. Ati mto unaingia ziwani. Nani kakwambia? "Mito inaingia ziwani mwalimu, tuliandika." Na kweli waliandika, Kagera unaingia Victoria, iko kwenye daftari. Huyo ukimuuliza kwenye PLE, mtihani wa kumaliza primary, Nile inaanzia wapi anaandika Jinja, anapewa alama yake, kumbe kichwani mwake maji yanarudi nyuma!

Nikamwambia tafuta kipande cha mgomba, tupa. Akatupa. Kikazunguka pale pale kidogo kama mtu aliyesahau njia, halafu kikashika mkondo, huyoo, kaskazini, na watoto wakakimbia nacho ukingoni wanapiga kelele utadhani fainali. Yule kijana hakukimbia. Alibaki amesimama. Akaniuliza, sasa kinaenda Misri? Nikamwambia hicho kitakwama bwawani Nalubaale, ila maji yenyewe yanachukua kama miezi mitatu kufika bahari ya Mediterania. Akahesabu na vidole, Desemba, Januari, Februari. "Yatafika shule imeshafunguliwa."

Basi hapo maswali hayakuisha. Bwawa lilijengwa lini? 1954, na maporomoko ya Ripon yakazama chini ya maji. Speke, yule Mwingereza, alikuja lini? 1862, akaondoka anasema amegundua chanzo cha Nile, na wenyeji, Wasoga, wapo hapo na ndoano zao wanamwangalia tu. Mbona kuna sanamu ya Gandhi, yule kiongozi wa India? Kwa sababu sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapo 1948. Pesa iliyotoka siku hiyo ni ya kiingilio na mandazi.

Mtaniambia maji ni hatari. Ni hatari, sibishi, ndiyo maana hakuna mtoto aliyepanda mtumbwi na tulikuwa watu wazima wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, na mimi ndo nilikuwa wa nyuma na goti langu hili. Mtaniambia mtaala. Mtaala gani? Huu wa sekondari wa 2020 unadai projekti, mtoto aliyezoea kufagia tu atatoa wapi projekti? Mwingine ataniambia watoto wanataka kupanda basi. Wanataka, ndiyo, hata mimi nataka. Wakapande likizo na baba zao.

Haya, niharakishe, mwenyekiti ameshika saa. Jumanne tuwapeleke Masese, pale ziwani wanapoteremsha samaki, waende na rula, mputa, yaani sangara, chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, wapime wenyewe waone ni wangapi wanavunja sheria, ila wasiseme kwa sauti, tusije tukafukuzwa. Jumatano fundi baiskeli aje hapa uwanjani, gia na mnyororo ni hesabu tupu. Na Kiswahili, serikali imesema tangu 2022 kiwe lazima shuleni, wataongea na nani darasani? Masese na steji ya boda kipo, bure. Lile la muziki naliacha, nitalileta mwakani, mwenyekiti usifurahi.

Wanaotaka kusindikiza watoto waandike jina kwa mwalimu wa P5 pale kwenye meza, tunahitaji watu wazima sita, na mwenye mgomba aliokata juzi asiutupe.