Anzeni na Mguu, Wimbo Utafuata

Nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia, maana kazi ninazoletewa zina ugonjwa uleule. Mtunzi anachukua wimbo mtamu wa Ireland, anaugawia violini mbili, viola na selo, anautandikia akodi laini, noti zinazolia pamoja, kisha juu anaandika "Jigi". Jigi, ngoma ya kuchezwa kwa miguu, iko wapi hapo? Nani atanyanyua mguu?

Chukueni slipi jigi, aina mojawapo ya jigi: kila kipimo, yaani mzunguko mmoja wa mapigo, kina mapigo tisa, matatu matatu, yanayochezwa kwa viatu laini. Mwanafunzi mmoja aliniletea yake, selo inagonga mapigo yote tisa kwa uzito mmoja. Nikamwambia: iachie selo noti ya kwanza tu ya kila kipimo. Violini ya pili ishike pigo la tatu, la sita na la tisa, pale mwili unaponyanyuka kabla mguu haujashuka. Na upinde uvuke pigo, noti nyepesi iunganishwe na ile nzito inayoifuata. Wimbo wenyewe hakuugusa, na kipande kikasimama.

Mtaniambia muziki wa chemba, huu wa kundi dogo la ala, watu huusikiliza wakiwa wamekaa. Sawa, na zile seti sita za vipande vya selo za mtunzi Bach, ambazo kila moja inaishia kwa jigi, nani anazicheza? Hachezi mtu, lakini mguu umo ndani.

Mwaka 1925 Mswisi Frank Martin alitunga trio ya violini, selo na piano kutokana na nyimbo za Ireland. Mmarekani aliyeiagiza akaikataa. Martin hakutafuta utamu wa akodi. Aliijenga kwa mapigo, na sehemu ya mwisho ni jigi hasa. Inapigwa mpaka leo.

Jambo jingine: msiogope kurudia! Wimbo wa ngoma kwa kawaida ni vipimo 8 mara mbili, vingine 8 mara mbili, jumla 32. Mnakata marudio mkidhani msikilizaji atachoka. Mpiga fidla hachoshi kwa sababu kila mzunguko anabadilisha manjonjo ya vidole, na akiunganisha wimbo wa pili anabadilisha ufunguo, yaani ngazi ya noti, ghafla, bila daraja. Andikeni mshono huo kama ulivyo, msiulainishe.

Strathspey, ngoma ya Uskoti, nilitaka kuigusa, ile yenye noti fupi inayotangulia ndefu, aliyoipiga mpiga fidla Niel Gow; na ngoma za duara za Brittany, Ufaransa, pia. Muda hauruhusu. Wenye partitura, yaani kazi zenu zilizoandikwa kwa noti, njooni mbele tuzipige.