Kuchonga Udongo kwa Bamba la Theluji

Ndugu wasikilizaji, wengi wenu mnaoishi majimbo ya kaskazini mwa Marekani mna trekta dogo la bustani lililofungwa bamba mbele kwa ajili ya kusukuma theluji. Theluji ikishayeyuka, njia ya gari hubaki na mashimo, maji husimama kando ya nyumba, na mtu hujiuliza kama bamba lile lile haliwezi kuchonga udongo. Linaweza, ila kwa udongo uliokwisha kulegezwa. Kazi ya kukata ardhi ngumu si yake.

Buldoza hukata ardhi kwa sababu lina uzito wa tani nyingi, na haidroliki yake hulikandamiza bamba chini. Trekta la bustani lina kilo mia chache tu, na bamba lake aghalabu hukaa chini kwa uzito wake lenyewe, kwa hiyo likikuta udongo ulioshindiliwa hupanda juu na kuteleza. Tena lina springi zinazoliacha liiname mbele pale linapogonga jiwe lililofichwa na theluji. Kwenye udongo, springi hizo hulegea kila lundo linapokuwa zito, na mzigo humwagika njiani. Wapo wanaolifunga bamba kwa bolti lisiiname. Nami sikatazi, mradi dereva aende polepole mno, kwa kuwa kishindo kilichokuwa kikimezwa na springi sasa kitaingia moja kwa moja kwenye fremu.

Basi anzeni kwa haro, yaani zana yenye meno ya kuvunja udongo, au kwa sururu, udongo ukiwa na unyevu wa kiasi: ukiufumbata hushikana, ukiubonyeza kwa kidole huvunjika. Kabla ya hapo, pigeni simu namba 811 siku chache mapema ili mabomba na nyaya zilizofukiwa ziwekewe alama. Huduma hiyo ni bure, na naomba asiwepo anayeiruka.

Linalowasumbua wengi zaidi ni mawimbi ya udongo. Bamba liko mbele ya magurudumu ya mbele, hivyo magurudumu yakipanda kijilima, bamba nalo huinuka na kuacha udongo mwingi. Yakishuka shimoni, huchimba zaidi. Kila mkipita, mawimbi hukua. Kwa sababu hiyo mimi husukuma mbele ili kuhamisha udongo tu, kisha kusawazisha hufanya kwa kurudi nyuma, bamba likiburutwa huku limeachwa huru lifuate ardhi.

Kando ya nyumba, msitafute usawa. Kanuni za ujenzi za huko hutaka ardhi ishuke sentimita 15 katika mita 3 za kwanza kutoka kwenye msingi, ili maji yaondoke. Fungeni kamba kwenye vigingi viwili, inyosheni sawa kwa pimamaji, mpime kutoka kwenye kamba hadi ardhini kila baada ya mizunguko michache, na mwache nafasi ya udongo kudidimia mvua zitakapoanza.