Kesi ya Aaron Burr na Hatia Iliyotangulia Mahakama

Ndugu zangu, nimeshalisema hili mara nyingi na nitazidi kulisema maadamu wapo wanaotusimulia kwamba upendeleo katika kesi ya uhaini ya Aaron Burr, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, ulikuwa wa Jaji Mkuu John Marshall, aliyeisikiliza kesi hiyo, peke yake.

Desemba 1806 jopo la raia wa kuamua mashtaka huko Kentucky lilikataa kumshtaki Burr. Hata hivyo, tarehe 22 Januari 1807, Rais Thomas Jefferson aliliandikia Bunge la Marekani kwamba hatia ya mtu huyo haina shaka yoyote, na kesi ilipofunguliwa Richmond, jimbo la Virginia, aliiendesha kwa barua: alimwelekeza mwendesha mashtaka, George Hay, hatua kwa hatua, akampelekea na hati za msamaha zisizojazwa majina ili azitumie kupata mashahidi. Tazameni yaliyompata Dkt. Erick Bollman, mshirika wa Burr. Hay alimnyoshea hati ya msamaha mahakamani, mbele ya kila mtu, na Bollman akaikataa, kwa sababu kuipokea kungekuwa kukiri kosa ambalo hakulikubali. Serikali yenye ushahidi wa kutosha ingehitaji nini kugawa misamaha?

Mtaniambia Burr alikuwa mtu hatari, aliyemuua Alexander Hamilton mwaka 1804 na kukusanya watu na mashua kwa nia aliyoificha. Sibishi. Lakini ili mtu ahukumiwe kwa uhaini wa aina hii, Katiba yao inataka kitendo cha wazi cha vita, na mashahidi wawili wa kitendo hicho hicho. Na watu hao walipokusanyika katika kisiwa cha Blennerhassett, kwenye mto Ohio, mahali mashtaka yalipodai vita vilianzia, Burr hakuwapo. Marshall alikosea, tena vibaya, kuhudhuria karamu nyumbani kwa wakili wa Burr huku mshtakiwa naye akiwa mgeni, na uhasama wake na Jefferson ulijulikana. Ila uamuzi wake wa kuuzuia ushahidi usiohusu kitendo hicho cha wazi unasimama juu ya maandishi ya Katiba, si juu ya karamu ile.

Kuhusu Jenerali James Wilkinson, shahidi mkuu wa serikali, muda hautoshi: alikuwa akilipwa na Hispania, na barua ya mafumbo aliyoileta, iliyodaiwa kutoka kwa Burr, alikuwa ameibadilisha kwa mkono wake.

Tarehe 1 Septemba 1807 jopo la raia lililosikiliza kesi hiyo Richmond lilitamka kwamba hatia haikuthibitishwa. Oktoba, Jefferson aliwataka wabunge wapime kama kasoro ilikuwa katika ushahidi, katika sheria, au katika utekelezaji wa sheria, yaani kwa Marshall; na Marshall alibaki Jaji Mkuu hadi alipofariki mwaka 1835.