Chungu Gani wa Kuanza Naye: Mazungumzo Kutoka Lamu

BI RUKIA: Assalamu alaikum, karibuni. Leo hatuko barazani. Kusi imeshika kasi na maikrofoni haisikii ila upepo, kwa hiyo tumeingia ndani, Mkomani, chumba cha ndani kabisa. Mimi ni Bi Rukia, na mwenzangu Salim yuko hapa. Amekuja na kitu amekifunika kitambaa chekundu.

SALIM: Shikamoo, Bi Rukia. Kitambaa tutakifunua mwisho.

BI RUKIA: Marahaba, mwanangu. Haya. Tangu tulipozungumzia nyuki, watu wanatuletea swali moja: mtu anataka kufuga chungu, awatazame wanavyoishi, sasa aanze na chungu gani? Mimi nimekua nikifukuza chungu kwenye sukari. Kwani wa kufugwa yupo?

SALIM: Yupo, na wewe unamjua. Ukiamka usiku kunywa maji ukawasha taa, unamkuta kwenye ukingo wa kopo la sukari. Rangi yake kama asali iliyoiva, miguu mirefu, tumbo lina madoa.

BI RUKIA: Huyo namjua. Mara nyingi huja mmoja mmoja, na ukiwasha taa hutimua mbio.

SALIM: Ndiye huyo. Wataalamu wanamweka katika jamii ya Camponotus, na huyu wetu wa madoa yuko kwenye kundi la Camponotus maculatus, lililoenea Afrika sehemu nyingi. Mtu wa pwani akiniuliza aanze na nani, namwambia huyo. Hali ya hewa ya hapa ndiyo yake. Kundi lake kwa kawaida lina malkia mmoja. Ni mkubwa, unamwona bila kukodoa macho, na hapenyi kila ufa. Hana mwiba wa kuchoma, ingawa wale wenye vichwa vikubwa wakikubana utasikia. Na zaidi ya yote, malkia wake anaanza maisha bila kuhitaji chakula kutoka kwako. Hilo la mwisho nitalirudia, maana ndilo linalookoa watu.

BI RUKIA: Nilidhani utaniambia majimoto. Minazini kwetu Matondoni wamejaa, na kazi yao inaonekana kwa macho: wanashona majani wakafanya nyumba.

SALIM: Wanashonea uzi unaotoka kwa watoto wao. Mkubwa anamshika buu kwa meno, anampitisha huku na huku baina ya majani mawili, na buu ndiye anayetoa hariri. Nikiwatazama hao nasahau kurudi nyumbani. Lakini wanataka mti, Bi Rukia. Kundi moja linaweza kukaa juu ya miti kadhaa. Ukimweka kwenye kisanduku chumbani atatafuta njia ya kutoka usiku kucha, na akitoka utamjua kwa jina lake, maana anauma kisha anaitemea tindikali ile sehemu aliyouma.

BI RUKIA: Marehemu babangu hakuruhusu mtu awachome moto. Akisema mnazi wenye majimoto hauangushi vidaka.

SALIM: Na alisema kweli. Kuna mdudu anayefyonza vinazi vichanga, vinakauka na kuanguka kabla ya kufika kitale. Majimoto wanamwinda. Basi waacheni huko minazini, na mwenye kutaka kuwafuga atandike mkeka chini ya mnazi atazame.

BI RUKIA: Siafu je? Maana kuna kijana ametuuliza siafu.

SALIM: Siafu hapana kabisa. Malkia wa siafu hana mabawa na haanzi peke yake. Yuko ndani ya jeshi la mamilioni linalohamahama na kula nyama hai kila siku. Hakuna kisanduku cha hilo.

BI RUKIA: Na wale wadogo wa manjano, wa jikoni, ambao hata kwenye dawa ya kikohozi wanaingia?

SALIM: Wale ndio mtu anaokota kwa sababu wako karibu, na ndio watakaomkatisha tamaa. Kundi lao lina malkia wengi, na ukiwasumbua wanajigawa, kila kipande kinakwenda kuanza kwake. Wewe ulikuwa na kundi moja kwenye chupa, mwezi ujao una makundi manne ukutani. Na ni wadogo kiasi kwamba pamba uliyodhani imeziba, kwao ni mlango.

BI RUKIA: Sasa kuna jambo nataka tulikae. Vijana wanatazama video za Wazungu. Huko hawatajwi hawa wetu.

SALIM: Hawatajwi, na hapo ndipo mtu anapotea. Ukitafuta kwenye intaneti chungu rahisi, jibu la kwanza ni Lasius niger, chungu mweusi wa bustani za Ulaya. Kwa mtu wa Uingereza au Ujerumani jibu hilo ni sahihi. Ni mvumilivu sana. Kuna malkia mmoja wa jamii hiyo aliyefugwa akaishi karibu miaka 29. Lakini anataka kipupwe. Kila mwaka lazima apate miezi ya baridi alale, la sivyo anadhoofika. Lamu utampa baridi gani? Chungu wetu hana habari na baridi. Joto la chumba hiki, nyuzi 26, 28, ndilo analolitaka, na mwaka mzima anatembea.

Wa pili anayesifiwa ni Messor, chungu wavunaji wanaokula mbegu. Huko kwenye nchi kavu wanafaa. Hapa unyevu wetu unawashinda wafugaji: mbegu walizoweka ghalani zinaota ukungu, na ukungu ukishaingia kwenye kichupa kidogo huna la kufanya.

BI RUKIA: Messor si ndio wale wa kesi?

SALIM: Ndio wao. Aprili 2025, Naivasha, vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa na malkia karibu 5,000 wa Messor cephalotes, chungu mvunaji mkubwa wa Afrika Mashariki, wametiwa kwenye tyubu zaidi ya 2,000 na pamba ndani. Mwezi uliofuata mahakama ikawahukumu faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au kifungo cha miezi 12. Na hawakuwa peke yao. Mkenya pia alihukumiwa siku hiyo.

BI RUKIA: Kwa chungu.

SALIM: Kwa chungu, na mimi naiunga mkono hukumu ile. Malkia 5,000 ni makundi 5,000 ambayo hayatakuwepo tena kule kuchimba udongo na kusambaza mbegu. Wakashika malkia kwa sababu soko la nje linataka malkia. Kwa hiyo anayetusikiliza aelewe: sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamhusu chungu pia. Kabla hujaokota hata mmoja, nenda ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, iliyo karibu nawe, eleza unataka kufanya nini, uliza kibali. Mimi nilikwenda kuuliza kwanza. Usinunue kwa mtu, usimuuzie mtu, wala usimtume chungu kwa basi.

BI RUKIA: Hata akitoka Nakuru kuja hapa, nchi moja?

SALIM: Hata hivyo. Chungu hajui ramani ya serikali. Yuko mmoja, Pheidole megacephala, mwenye kichwa kikubwa, ameingia Laikipia. Kule miti ya migunga ina chungu wake wanaoilinda. Tembo akitia mkonga wanamuuma, anaacha. Huyu mgeni akawaua walinzi. Tembo wakavunja migunga, uwanda ukawa mweupe, na simba wakakosa pa kujificha kuwavizia pundamilia, ikabidi wageukie nyati. Watafiti walilitangaza hilo Januari 2024. Chungu wa milimita mbili, tatu, amebadilisha chakula cha simba.

BI RUKIA: Subhanallah. Na sisi tuna sura nzima kwa jina lao, An-Naml. Yule chungu aliyewaambia wenzake, ingieni majumbani mwenu, Suleiman na majeshi yake wasije wakawaponda nao hawana habari. Nilipokuwa chuoni, mwalimu akitusomea hapo nikitazama chini kuona kama nimekanyaga.

SALIM: Anayetoa onyo lile anazungumza kwa ajili ya nyumba nzima. Ukiwafuga ndipo unaliona hilo.

BI RUKIA: Haya, turudi. Malkia umempataje?

SALIM: Alikuja mwenyewe. Masika, mvua ikishanyesha vizuri na jioni ikatulia bila upepo, chungu wenye mabawa wanaruka kukutana. Madume hufa muda si mrefu. Malkia akishapandwa hushuka chini, anayang'oa mabawa yake mwenyewe, anatafuta shimo. Mbegu aliyoipata jioni hiyo anaitunza tumboni maisha yake yote. Huyu wangu nilimkuta darini, chini ya taa, anatembea haraka haraka, mabega mapana, pembeni mwa kifua alama nne za pale mabawa yalipokuwa. Ukimkuta bado ana mabawa, huenda hajapandwa. Mayai ya asiyepandwa hutoa madume matupu, na kundi halisimami.

BI RUKIA: Ukamtia wapi?

SALIM: Kwenye tyubu ya kioo ya maabara. Maji theluthi moja, pamba ikandamizwe hadi iyashike maji yasipite, kisha nafasi kavu ya malkia, kisha pamba nyingine mdomoni ili hewa ipite. Basi. Hakuna udongo, hakuna chakula. Nikamlaza kwenye kidaka cha ukutani, chumba cha ndani.

BI RUKIA: Kidaka cha ukuta, si cha mnazi.

SALIM: Cha ukuta. Nyumba hizi za mawe zimetufaa, Bi Rukia. Ukuta mnene, joto halipandi na kushuka ovyo, giza lipo, na punda wakipita njiani mtikisiko haufiki. Sitawaambia watu wanunue mashine ya joto. Watafute kidaka.

BI RUKIA: Na hapo kwenye kutompa chakula. Mimi nafsi yangu ingenisuta.

SALIM: Hata mimi ilinisuta, na malkia wa kwanza nilimpoteza kwa hilo. Nilimtilia asali, ikanata kwenye pamba, ikaota ukungu. Kila jioni nikimmulika kwa tochi ya simu nione kama ametaga. Alitaga, nikahesabu mayai manane. Siku ya tatu yalikuwa matano, siku ya tano hakuna. Aliyala. Malkia akihofia, huyarudisha mayai tumboni. Wiki chache baadaye alikufa. Nilihuzunika sana, maana alikuwa anajua kazi yake na mimi ndiye niliyemzuia.

Malkia wa aina hii anakula misuli ya mabawa yake. Ile nyama ya kifuani iliyokuwa ya kurukia haina kazi tena, mwili unaiyeyusha pamoja na mafuta, na kwa hiyo ndiyo anawalisha mabuu. Tosha kabisa hadi wafanyakazi wa kwanza. Ndiyo maana nawaambia wanaoanza wachague jamii ya malkia huyu. Zipo jamii nyingine ambazo malkia lazima atoke kuwinda wakati analea. Hao ni wa watu wenye uzoefu.

BI RUKIA: Huyu wa pili ulimfanyaje?

SALIM: Nilimfunika nikamwacha. Mara moja kwa wiki, dakika moja, chini ya kitambaa hiki chekundu, kwa sababu chungu haoni vizuri mwanga mwekundu. Wiki ya kwanza mayai, meupe, ameyakusanya kama kitonge. Baadaye mabuu. Kisha yakajifunga kwenye vifuko vya hudhurungi, ukubwa wa punje ya mchele. Karibu wiki ya saba nikakuta kifuko kimoja kimetoboka na malkia anakichana taratibu kwa meno, anamsaidia mtu kutoka. Akatoka mweupe mweupe, miguu imejikunja, hawezi kusimama. Malkia akamlamba hadi akanyooka. Rangi ilichukua siku kadhaa kukolea.

BI RUKIA: Wa kwanza wanakuwa wadogo?

SALIM: Wadogo kuliko watakaofuata, kwa sababu walilelewa na akiba ya mama tu. Wakishatoka hao ndipo unalisha. Tone la maji ya sukari, sukari sehemu moja, maji sehemu tatu, kwenye kipande cha foili, si kwenye pamba. Na nyama kidogo kwa ajili ya mabuu: mguu wa panzi, nusu ya nzi. Mende usimpe kama humjui alikotoka. Nyumba ya jirani ikipuliziwa dawa, mende mmoja anaweza kumaliza kundi zima usiku mmoja. Mabaki yatoe kesho yake.

BI RUKIA: Na wale wa manjano wasiwafuate?

SALIM: Nimefanya kama bibi zetu na kabati ya chakula. Sanduku lina miguu minne, kila mguu ndani ya kikopo cha maji. Na wa ndani wasitoke, ukingo wa juu umepakwa mafuta ya mgando, ukanda mwembamba, unapakwa upya ukikauka. Lakini msiharakie sanduku. Kundi likae kwenye tyubu yake hadi wafike ishirini au zaidi. Nyumba kubwa kwa chungu watano ni jalala, wanatupa taka kila pembe na ukungu unaingia.

BI RUKIA: Wako ni wangapi sasa? Funua basi, nimesubiri.

SALIM: Sogea huku, Bi Rukia, usipumulie mdomoni mwa tyubu. Kumi na mmoja. Jana walikuwa kumi.

BI RUKIA: Mashallah, huyu mkubwa... Wamembana kona, nini hiki wanafanya? Wanagusana midomo.

SALIM: Yule mdogo ametoka kunywa sukari. Anamtapishia mama yake tone, ndivyo wanavyogawana. Ona tumbo la mdogo, linapitisha mwanga.

BI RUKIA: Limejaa hadi michirizi inaonekana. Na yule anayebeba kifuko?

SALIM: Anakisogeza karibu na pamba yenye maji. Ameona tumefungua, hewa imekauka kidogo. Tufunike, Bi Rukia.

BI RUKIA: Funika, funika.